Mwanza kapata wapi pa kukaa: kisa cha mhamiaji na baa za Sakina, Arusha

Kisa hiki kinamhusu mhasibu mmoja aliyehamishiwa Arusha kutoka Mwanza. Jina lake tuliache. Wenyewe pale baa wanamwita Mwanza, na sisi tumwite hivyo hivyo. Ni mtu wa miaka thelathini na kitu, mke na watoto wawili wamebaki kule mpaka mwaka wa shule uishe, na dalali alimtafutia nyumba ya vyumba viwili Sakina, upande wa juu wa barabara ya Namanga. Ofisi iko mjini. Anatoka saa 11 jioni, anapanda kifodi, yaani daladala ndogo, saa 12 na kitu yuko mlangoni kwake na hana wa kuongea naye isipokuwa televisheni na simu ya mama watoto. Si mlevi. Bia zake ni mbili, tatu kukiwa na mpira. Alichotaka ni mahali pa kukaa kati ya saa 12 na saa 3 usiku, apate moja moto moja baridi, asikie watu wakibishana, arudi kulala.

Nilikaa nyuma ya kaunta miaka mingi, na siku hizi nasambaza vinywaji kwa baa na grosari, vile vibaa vidogo vya mtaani, za ukanda huo. Kwa hiyo Mwanza nilimuona akihangaika, na waliomhudumia nawajua pia. Wageni wengi wakikosa kijiwe Arusha husema watu wa huku wagumu, wana makundi yao, wanaangalia hela tu. Yeye naye alifika huko. Mimi nasema alikosea pa kuangalia. Alikuwa anapima tabia za watu wakati tatizo lilikuwa kwenye mzunguko wa hela: ya nani iko hatarini pale mezani, na nani atailipa mgeni akiondoka. Kwa mhasibu, ilinishangaza kidogo.

Alifika mwishoni mwa Juni. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na Mlima Meru uko mgongoni, kwa hiyo Juni na Julai jioni watu wanavaa makoti. Swali la "moto au baridi?" ambalo kule jijini Mwanza hujibiwa kabla halijaisha, huku linaulizwa kwa dhati, na wengi wanajibu ya moto. Balimi yake, bia ya kanda ya ziwa, hakuikuta alikokaa. Akahamia Safari. Hayo ni madogo, nayataja kwa kuwa ndiyo aliyoyalalamikia kwanza, na mtu anayelalamikia bia kwa kawaida ana jambo lingine.

Ijumaa ya kwanza wenzake wa ofisini walimpeleka Kwa Mrombo. Asiyepajua afikirie moshi wa nyama tangu barabarani, magari yamepangwa, muziki kila upande, mbuzi anapimwa kwa kilo mbele yako na ndizi zinachomwa pembeni. Alifurahi sana. Jumanne akarudi peke yake kwa bodaboda, akitegemea kuwakuta wale wale. Hakumkuta hata mmoja. Walewale aliobadilishana nao namba walikuwa wa Njiro, wa Moshono, wengine wa Usa River, wamekuja siku ile kwa ajili ya siku ile. Kwa Mrombo unakwenda na watu wako. Huendi kutafuta watu. Na nauli ya bodaboda kwenda na kurudi usiku ilimla bia moja nzima na chenji yake.

Akajaribu karibu na ofisi, mjini kati. Kule baa zinajaa mapema na zinaisha mapema, kwa sababu kila mtu anawaza kifodi cha kurudia. Saa 2 usiku meza nzima inasimama. Hili halihitaji maneno mengi.

Iliyofuata ilikuwa baa nzuri kweli, tulivu, bei ya kawaida, ila ng'ambo ya barabara. Barabara ya Sakina hadi Tengeru ilipanuliwa ikawa njia nne, na kwa biashara ya mji ilikuwa neema, lakini mitaa ya pande mbili ilikatwa kati. Kuvuka saa 3 usiku, malori ya Namanga yanateremka, bodaboda inakuja bila taa upande usiotarajia, si jambo la kufanya kila siku ukiwa na bia mbili kichwani. Mwanza alinusurika mara moja, akaacha. Mimi namuunga mkono. Kwenye ramani ya simu ile baa ilikuwa mita mia tatu tu kutoka kwake, lakini kama kurudi nyumbani kunakutia wasiwasi, hiyo ni baa ya mtaa wa wengine.

Baa ya skrini tatu

Ndipo akaja upande wake wa barabara, kwenye baa kubwa yenye skrini tatu na vibanda vya makuti. Hapa ndipo kisa kilipo hasa, maana hapa alidumu karibu miezi miwili na akaondoka ameumia. Aliponieleza, malalamiko yake yalikuwa matatu: anadaiwa hela kabla hajanywa, watu aliodhani wamekuwa marafiki wamemgeuka, na wengine wanapotea bila kuaga.

Tuanze na la hela. Anasema mhudumu alimletea bia ya kwanza, akaifungua, akasimama. Mwanza akaanza kunywa. Dada bado amesimama, kopo la chenji mkononi. "Bosi, nikatie kabisa." Akalipa. Bia ya pili hivyo hivyo, ila safari hii chupa ilikuja na kifunguo kikabaki mkononi mwa dada mpaka noti ilipotoka mfukoni. Meza ya pili wamekaa wazee wanne, chupa tupu zimejipanga kama gwaride, na hakuna anayewasogelea. Mwanza akaona amedharauliwa. Akajiuliza ni sura yake, ni lafudhi yake, au ni nini.

Kwa anayejua kaunta jibu ni jepesi. Katika baa nyingi za mji huu mhudumu hachukui bia kwa niaba ya mwenye baa. Anaichukua kwa jina lake. Mtu wa kaunta anaandika: fulani, Safari mbili, Kilimanjaro moja, Serengeti moja. Wakati wa kufunga hesabu, fulani anatakiwa kukabidhi hela ya chupa zote zilizoandikwa kwake, ziwe zimelipwa au hazijalipwa. Mteja akitokea mlango wa chooni akaishia gizani, mwenye baa hapotezi kitu. Anakatwa yule dada, na mshahara wake wenyewe ni mdogo, nusu ya maisha yake anaitegemea chenji. Sasa mgeni ambaye hujui analala wapi, amekaa peke yake karibu na geti, anataka akae na chupa nne tupu bila kulipa? Mwenye akili hakubali.

Na wale wazee? Ukutani pale baa kuna bango, "Kukopa harusi, kulipa matanga." Mwanza aliliamini. Lakini mkopo ulikuwepo chini ya bango lile lile, ila si wa baa. Ulikuwa ndani ya daftari dogo kwenye mfuko wa aproni. Mhudumu ndiye anayekopesha, kwa hela yake, kwa watu anaowajua nyumba zao, siku zao za mshahara na wake zao. Mwenye baa anajua na anafumba macho, kwa kuwa biashara inakwenda na hasara si yake. Nilipomwambia Mwanza hivyo alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Yaani kaunta ni leja kuu, na kila mhudumu ana leja yake." Ndiyo. Mtu wa kazi hiyo alipaswa kuliona kabla ya mimi, lakini ukishahisi umedharauliwa huoni leja.

La pili ni la ofa, na hapa sitamtetea sana.

Meza ya jirani alikuwepo kijana mmoja, mwongoza watalii, ametoka safari ya Serengeti na Ngorongoro siku hiyo hiyo. Alikuwa na bahashishi yake. Akamwita mhudumu, akazungusha kidole hewani juu ya meza mbili: "Wape kama walivyo." Mwanza akashtukia Safari mpya mbele yake. Akainua chupa, akasema asante kaka, akanywa, akaondoka. Kijana aliporudi safari nyingine, akafanya vile vile. Mwanza akanywa tena, akashukuru tena. Mara ya tatu wakikutana, kijana alikaa meza ya mbali na hakumsalimia.

Mwanza akasema watu wa huku wanabadilika. Mimi nikamuuliza ni lini alimrudishia. Akasema hakuombwa.

Ofa hairudishwi kwa kuombwa. Na hairudishwi usiku ule ule, hiyo nayo ni kama kumlipa mtu madeni mbele ya watu, wengine wanakasirika. Inarudi wiki nyingine, bila maneno, ukimkuta amekaa. Kwa watu wa utalii hili ni zito zaidi kuliko kwa mtumishi wa serikali mwenye mshahara wa kila mwezi. Kazi yao inapanda kuanzia Juni hadi Oktoba, inarudi kidogo Desemba mpaka Februari, kisha masika ya Aprili na Mei inakufa. Mwongoza watalii anayezungusha Julai anajua Aprili atakaa na soda moja kwa saa tatu nzima. Bia alizowapa wenzake ni akiba, na anategemea atakapokwama wataikumbuka. Mtu anayekunywa mara mbili na kuondoka amekula akiba ya mwenzake.

Kuna ofa nyingine ambayo haidai kitu, nayo ndiyo ilimchanganya. Kwenye ile baa kuna siku aliingia mchimbaji kutoka Mererani, mwanaapolo aliyepata jiwe, akalipia baa nzima. Hiyo unakunywa unashukuru Mungu, hakuna anayekutazamia urudishe, maana huwezi. (Tangu mchimbaji Saniniu Laizer aiuzie serikali mawe mawili ya tanzanite kwa shilingi bilioni 7.74, Juni 2020, kila baa ya Arusha ina mzee anayesema zamu yake iko njiani.) Tena kuna ile anayokuletea mwenye baa mwenyewe, moja, ukiwa mgeni. Ile unairudisha kwa kurudi tu. Mwanza alizichukulia zote kama za namna hii ya mwisho: ukarimu wa mwenyeji kwa mgeni. Kumbe yule kijana hakuwa mwenyeji wake. Alikuwa mteja mwenzake.

Na kama mtu hataki kunywa, au anajua hataweza kurudisha wiki hiyo, lipo la kufanya ambalo halimuudhi mtu. Unamwambia mhudumu, "Nimeipokea, niwekee kaunta." Bia inaandikwa kwa jina lako, inakusubiri, na aliyetoa anaona umeipokea. Nimeweka bia za watu kaunta mpaka miezi miwili. Wengine walipewa uhamisho zikabaki pale.

La tatu, la watu kupotea, ni msimu tu. Julai mpaka Oktoba nusu ya wateja wa baa zetu wako porini. Unakutana na mtu Jumatatu, mnaelewana, mnapatana Alhamisi. Jumatano anapigiwa simu usiku kuna wageni wameshuka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, na alfajiri ameondoka kwa siku kumi. Wapagazi nao wako mlimani. Anayehamia Arusha Julai anaziona baa zikiwa na hela nyingi na watu wasiotulia. Ningekuwa na uwezo wa kumpangia mtu, ningemwambia aje Aprili, mvua inanyesha, barabara za ndani tope, kila aliyekaa baa amekaa kwa sababu ya mtaa wake na hana pengine pa kwenda. Utajua jioni moja kama mahali pale pana watu. Lakini uhamisho haumuulizi mtu.

Kwa hiyo mwishoni mwa Agosti Mwanza akaacha kwenda. Akawa ananunua bia mbili dukani anakunywa nyumbani, na kwa maelezo yake mwenyewe, hicho ndicho kipindi alichoanza kuzidisha.

Grosari

Kilichomtoa hakikuwa bia. Jumamosi moja asubuhi gesi imeisha, hajala, akafuata moshi nyuma ya nyumba yao. Ilikuwa grosari aliyokuwa akiipita kila siku. Usiku alikuwa anaiona ina taa moja, viti vya plastiki, watu sita saba wamekaa kimya kimya, akaipuuza. Mabati, ukuta haujapigwa lipu, hakuna skrini zaidi ya televisheni ndogo juu ya friji.

Ina historia yake ambayo hakuijua. Grosari za aina ile zamani zilibebwa na viroba, pombe kali ya vipakiti, na kelele za usiku zilitokana na vijana wa viroba. Serikali ilipovipiga marufuku Machi 2017 vijana wakatawanyika, wakabaki watu wazima wa mtaa wanaokunywa chupa. Kisha mwaka 2023 NEMC, baraza la taifa la mazingira, ilipofungia baa nyingi nchini kwa sababu ya kelele, mwenye grosari akauza spika yake kubwa kabla hajafuatwa. Ndiyo maana pale usiku panaonekana pamekufa. Hapajafa. Watu wanasikilizana.

Asubuhi ni habari nyingine. Jiko la pale si la mwenye grosari. Mama mmoja amelikodi, analipa kwa mwezi, hesabu zake na za kaunta hazikutani. Kuanzia saa 1 asubuhi anauza supu ya mbuzi, chapati, na Jumamosi na Jumapili mtori. Kitimoto hapiki, kwa kuwa nusu ya wateja wake wa asubuhi ni Waislamu wa mtaa. Anayetaka kitimoto anateremka chini kidogo, kuna kibanda chake.

Mwanza akakaa kwenye benchi. Bakuli likaja linatoka mvuke, mfupa umetokeza, ndimu nusu na pilipili mbuzi moja nzima kwenye kisahani, chumvi kwenye kifuniko cha chupa. Kulia fundi wa magari, mikono bado ina grisi ya jana. Kushoto mwalimu mstaafu na gazeti. Mwenye duka la vifaa, bodaboda wawili, na mzee mmoja aliyevaa suti kabisa, anapitia supu kabla ya msiba. Mama akamuuliza, huku anakata chapati, "Baba, umehamia kwa nani?"

Swali hilo hakuwahi kuulizwa kwenye baa ya skrini tatu. Akataja jina la mwenye nyumba. Fundi akasema, "Ah, pale geti la bluu." Mwalimu akasema mwenye nyumba alikuwa mwanafunzi wake. Basi. Akawa ameshawekwa mahali. Pale hakuna ofa, hakuna aliyelewa, kila mtu analipa bakuli lake kwa mama, na uso wako unaonekana kwa jua. Kujulikana kwa supu ni rahisi na ni bei nafuu, na nashangaa watu wanaotafuta baa usiku tu. Baa nyingi za huku zina maisha mawili, na la asubuhi ndilo la wenye mtaa.

Jioni ile alirudi kwa ajili ya bia. Mhudumu, dada wa makamo aliyekaa pale muda mrefu, alikuwa ameshapewa habari zake na mama wa jiko. Bado alidai hela bia ya kwanza, na bia ya kwanza ya kesho yake. Mwanza safari hii hakununa. Alikuwa anaiweka noti mezani kabla hajaombwa na kuacha chenji. Wiki hazikuwa nyingi. Jioni moja dada alileta Safari, akaifungua, akaondoka, noti ikiwa bado mezani. Akarudi na ya pili, noti bado iko pale. Mwanza aliniambia habari hiyo kama mtu aliyepandishwa cheo.

Nikamuonya kitu kimoja: hajaaminiwa na grosari, ameaminiwa na dada yule. Oktoba ikathibitika. Dada alipata baa nyingine Ngaramtoni, yenye mshahara bora, akaondoka na daftari lake. Waliokuwa wanadaiwa, wengine walimfuata kumlipa na wakabaki wateja wa huko, wengine walibadilisha njia za kupita. Wahudumu wakihama mji huu wateja huhama nao kuliko wenye baa wanavyopenda kukiri. Mwanza hakuwa na deni. Lakini binti mpya aliyekuja hakumjua, na bia ya kwanza alisimama na kifunguo mkononi.

Hapo akafanya jambo la kihasibu. Akaenda kaunta, akaacha shilingi 20,000, akasema, "Kateni humu." Aliona ametatua kila kitu: hakuna anayehatarisha hela yake, hakuna kudaiwa mezani. Wiki ya kwanza ikapita vizuri. Wiki ya pili bia zikawa zinachelewa. Anaita, binti anasema nakuja, haji. Akaniuliza kulikoni. Nikamwambia ahesabu: akilipa kaunta moja kwa moja, chenji haipiti mikononi mwa binti. Amemkinga na hasara, hilo kweli, lakini amemkata riziki. Akaacha kuweka kaunta, ile 20,000 akawa anampa binti mwenyewe mwanzo wa wiki, ahesabu mwenyewe, na kilichobaki Jumapili hakiulizwi. Bia zikaanza kuwahi. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi bora alioufanya tangu afike, na sijawahi kumuona mteja mwingine akiufanya.

Kuhusu yule mwongoza watalii, walikutana hapo hapo grosari Novemba, mvua za vuli zimeanza na wageni wamepungua. Mwanza alimwambia binti, "Yule kaka pale, kama alivyo, mbili." Hawakuzungumza juu ya lililopita. Kijana alihamisha kiti.

Kadi

Mwisho wa Novemba Mwanza alinipigia simu amekasirika. Fundi wa magari alikuwa anamfanyia binti yake sendoff Jumamosi ya kwanza ya Desemba, kabla watu hawajapanda kwenda Rombo, Machame na Marangu kwa Krismasi. Kadi ya mchango imeletwa mezani ikiwa na jina lake limeandikwa kwa kalamu: single shilingi 50,000, double 100,000. "Huyu mtu namjua kwa supu," akasema. "Miezi mitatu. Ndiyo wanavyowafanyia wageni?"

Nilimwambia wageni hawapewi kadi. Kadi inagharimu, na kamati inakaa kuandika majina. Wanaandika watu ambao wakikosekana wataulizwa. Binti yule hamjui, kweli, lakini fundi ndiye aliyesukuma gari alilokuwa amepanda kutoka kwenye tope wiki mbili kabla na hakuchukua hela. Hata hivyo sikumshauri alipe 100,000. Mke yuko Mwanza, alipe single na aseme sababu, hakuna atakayemnung'unikia. Watu wanaochangia double kwa aibu ndio wanaoanza kukwepa baa Januari.

Akalipa single. Kwenye kikao cha kamati, kilichofanyika pale pale kwenye viti vya plastiki, mweka hazina wa awali alikuwa amesafiri kikazi, na mwalimu mstaafu akasema si tuna mhasibu hapa. Hakuna aliyepinga. Mwanza akakabidhiwa bahasha na daftari la ahadi.

Kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kusoma orodha ya walioahidi na kuuliza ni nani ameshatoa fedha mkononi. Kitu cha pili, akasema hatalipa mpishi wala mapambo kwa ahadi, atalipa kwa hela iliyoingia tu, na kila anayechangia atumiwe ujumbe wa kupokelewa. Fundi akacheka, akamgeukia binti wa kaunta. "Umemsikia? Mwanza anataka tumkatie kabisa." Binti akasema ni haki yake, akaweka chupa mbili mezani na kuzifungua zote.

Sendoff ilifanyika. Ahadi ambazo hazikulipwa zilikuwa chache, na Mwanza anazo kwenye daftari mpaka leo. Familia yake ilifika wiki ya pili ya Januari, na mama watoto alishaulizwa na mama wa jiko amehamia kwa nani kabla hajafungua masanduku. Tunachobishana naye sasa ni kama awe anakwenda Jumapili na watoto kula mtori. Yeye anasema baa si mahali pa watoto. Mimi namwambia saa 3 asubuhi pale si baa bado.